Ukoo wa Hemings na Kalamu za Makarani

Nilianza kazi ya ualimu mwaka 1973 nikastaafu mwaka 2010, na katika miaka hiyo sijui nimejaza rejesta ngapi. Rejesta ya uandikishaji ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Kina safu ya namba, safu ya jina la mtoto, ya tarehe ya kuzaliwa, ya jina la baba au mlezi na kazi yake, na mwishoni kabisa safu nyembamba ya maelezo. Walimu wapya waliofika shuleni kwangu niliwaambia waandike kwa mwandiko unaosomeka, maana mtoto atakua, atazeeka, na rejesta itakuwa bado ipo kabatini. Niliamini kwamba kilichoandikwa mle ndicho kilichokuwa. Leo siamini hivyo kwa nguvu ileile, na nitaeleza sababu yake.

Nilipostaafu niliazimia kuandika habari za ukoo wetu. Mimi ni Mluguru, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Wazee walinitajia mama, na mama wa mama, na mama wa huyo, hadi vizazi saba bila kukwama. Lakini nilipotafuta karatasi niliambulia risiti za kodi za wakati wa Mwingereza, ambazo mjomba wangu alizihifadhi ndani ya kopo la biskuti. Zote zilikuwa na majina ya wanaume. Bibi zangu, ambao kwa desturi yetu ndio shina lenyewe, hakuwemo hata mmoja. Nikamlalamikia binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa masomoni katika jimbo la Ohio, Marekani. Aliporudi likizo alinisikiliza, akatabasamu, akasema, "Baba, wapo wenye taabu kuliko yako." Akaniwekea mezani kitabu kinene cha mwanahistoria Annette Gordon-Reed, ambacho kilimpatia mwandishi wake tuzo ya Pulitzer mwaka 2009, pamoja na bahasha yenye nakala za wosia na kurasa za sensa. Vyote vilihusu ukoo mmoja, ukoo wa Hemings wa Virginia. Nilisoma kwa muda wa miezi mitatu, kamusi mkononi.

Habari yenyewe inaanza na mwanamke. Karibu na mwaka 1735 alizaliwa Virginia mtoto wa kike akaitwa Elizabeth. Mama yake alikuwa mtumwa kutoka Afrika, ambaye hati hazikututunzia jina lake. Baba, kwa masimulizi ya ukoo, alikuwa nahodha Mwingereza aliyeitwa Hemings, na inasimuliwa kwamba alitaka kumnunua mwanawe akakataliwa. Baadaye Elizabeth alikuwa mali ya John Wayles, mwanasheria na wakala wa biashara ya watumwa. Wayles alifiwa na wake watatu, kisha akazaa na Elizabeth watoto sita. Hilo nalo tunalijua kwa masimulizi zaidi ya hati. Wa mwisho kati ya watoto hao alikuwa Sally, aliyezaliwa mwaka 1773, mwaka uleule ambao Wayles alifariki.

Mirathi ya Wayles iligawanywa kwa binti zake. Mmoja wao, Martha, alikuwa ameolewa mwaka 1772 na Thomas Jefferson, ambaye miaka minne baadaye aliandika Tangazo la Uhuru wa Marekani, na ambaye mwaka 1801 alikuwa rais wa tatu wa nchi hiyo. Kwa mgawanyo huo Jefferson alipata watumwa 135, Elizabeth na wanawe wakiwemo. Naomba msomaji asimame hapa kidogo kama nilivyosimama mimi. Martha alirithi ndugu zake wa baba mmoja. Katika karatasi za mirathi neno ndugu halimo. Yamo majina, kama ambavyo yangekuwamo majina ya ng'ombe.

Hapana budi nieleze sheria iliyowezesha jambo hili. Mwaka 1662 bunge la koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, mama akiwa huru, mtoto ni huru. Sheria hii ilipindua desturi ya Waingereza wenyewe, ambao kwao mtoto humfuata baba. Niliposoma hayo nilihisi kama mtu aliyekuta kanzu yake imevaliwa na mwizi. Kwetu milimani kumfuata mama ni kuwa na kwenu. Mtoto hata akikosa baba, ana wajomba, ana shamba, ana mahali pa kuzikwa. Kule Virginia kumfuata mama kulifanywa kuwa mnyororo, na mwenye shamba aliyezaa na mtumwa wake aliongeza mali yake mwenyewe. Waswahili husema kitanda hakizai haramu, lakini kitanda kinachosemwa hapo ni cha ndoa, na ndoa ya mtumwa haikutambuliwa na sheria ya Virginia hata kidogo.

Jefferson alikuwa karani hodari. Nakiri kwamba nilipoona nakala za Daftari la Shamba, aliloanza kuandika mwaka 1774, kitu cha kwanza nilichokisifu ni mwandiko. Orodha zake zimenyooka: jina, mwaka wa kuzaliwa, nani kapewa blanketi, nani kapewa kitambaa cha nguo, kipimo cha chakula. Ningekuwa mkaguzi wa elimu ningempa alama zote. Ndipo nikatafuta watoto wa Sally. Waliokua hadi utu uzima ni wanne: Beverley wa mwaka 1798, Harriet wa mwaka 1801, Madison wa mwaka 1805 na Eston wa mwaka 1808. Wamo wote, na miaka yao. Baba hakutajwa.

Mwaka 1822 Beverley na Harriet wanaondoka, na daftari linasema wametoroka. Lakini miaka mingi baadaye aliyekuwa msimamizi wa shamba, Edmund Bacon, alisimulia kwamba yeye mwenyewe, kwa agizo la Jefferson, alimpa Harriet dola 50 za safari. Mtoro gani anayepewa nauli na bwana wake? Daftari halikusema uongo mtupu, maana kweli waliondoka bila hati ya kuachiwa huru. Lilichagua tu neno.

Sasa tuje kwenye wosia. Jefferson aliuandika mwezi Machi 1826, akauongezea kipengele siku iliyofuata, akafa tarehe 4 Julai mwaka huohuo. Katika kile kipengele aliwaachia huru watu watano tu, wote wa ukoo wa Hemings. Burwell Colbert aliachiwa mara moja na kupewa dola 300. John Hemmings, fundi seremala, na Joe Fossett, mhunzi, waachiwe baada ya mwaka mmoja. Madison na Eston wawe wanagenzi wa John hadi watimize miaka 21, kisha wawe huru. Aidha Jefferson aliliomba bunge la Virginia liwaruhusu watu hao kubaki jimboni, kwa sababu sheria ya mwaka 1806 ilimtaka mtumwa aliyeachiwa huru aondoke Virginia ndani ya miezi kumi na miwili.

Sally hakutajwa. Niliusoma ule ukurasa mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Alikuwa na umri wa miaka 53 hivi, na katika kuthamini mali ya marehemu alikadiriwa kuwa na thamani ya dola 50. Mimi naona, na si peke yangu, kwamba kulitaja jina lake katika wosia na kuliombea ruhusa bungeni kungekuwa sawa na kupiga ngoma sokoni, maana uvumi juu yake na Jefferson ulikuwa umechapishwa gazetini tangu mwaka 1802. Basi akaachwa kimya, na binti wa Jefferson akamruhusu kwenda kuishi na wanawe mjini Charlottesville bila hati yoyote ya uhuru. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Jefferson alikufa akiwa na madeni yapatayo dola 107,000, na mwezi Januari 1827 watu 130 walipigwa mnada pale Monticello. Joe Fossett alikuwa bado anasubiri mwaka wake utimie alipoona mkewe na watoto wake wakiuzwa.

Huo ndio wosia. Sensa ina mambo yake. Marekani imehesabu watu kila baada ya miaka kumi tangu mwaka 1790, lakini msomaji asidhani kwamba atafungua kitabu na kukuta watu wote. Tangu 1790 hadi 1840 aliandikwa jina mkuu wa kaya peke yake. Waliobaki ni tarakimu tu katika safu za umri, jinsia na rangi. Kurasa za Virginia za mwaka 1790 hazikubaki, na watafiti hutumia orodha za walipa kodi badala yake. Kuanzia mwaka 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina. Watumwa walikuwa na jedwali lao: jina la mwenye mali, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, bila jina lake. Ndiyo maana wajukuu wa watumwa wanapotafuta nasaba yao hukwama kwenye mwaka 1870, sensa ya kwanza iliyowaandika wote kwa majina. Nyuma ya hapo huna budi kuufuata ukoo wa bwana ili kuupata ukoo wa mtumwa, kusoma wosia za watu wengine ukitafuta bibi yako kati ya vitanda na farasi. Na sehemu kubwa ya sensa ya mwaka 1890 iliharibika kwa moto wa mwaka 1921, kwa hiyo pana shimo jingine la miaka ishirini.

Ukoo wa Hemings unapita katika sensa hizo kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe. Mwaka 1830 Sally na wanawe wamehesabiwa Charlottesville miongoni mwa weupe. Mwaka 1833, baada ya uasi wa Nat Turner wa mwaka 1831 kuwatia hofu watawala, ilifanywa hesabu maalumu ya watu weusi walio huru, na humo Sally ameandikwa kuwa chotara huru. Mwanamke ni yuleyule, mji ni uleule. Alifariki mwaka 1835, na watoto wake wakahamia Ohio. Huko, mwaka 1850, Eston ni chotara, mpiga muziki wa mji wa Chillicothe. Karibu mwaka 1852 akahamia Wisconsin na mkewe na watoto, akaacha jina la Hemings na kujiita Jefferson. Alifariki mwaka 1856, na katika sensa ya mwaka 1860 mjane wake na watoto wao ni weupe. Mtafiti akilitafuta huko jina la Hemings hatawapata kamwe.

Lakini tazama jambo hili, ambalo mimi nililipenda kuliko yote. Mtoto wa Eston, aliyekuwa kanali katika jeshi la Kaskazini wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, aliitwa John Wayles Jefferson. Familia iliyokuja kuficha kila kitu ilikuwa imempa mtoto jina la babu mzaa Sally. Kwetu mtu angeelewa mara moja: mtoto hupewa jina la babu ili babu asipotee. Waliacha jina la ukoo, wakaficha rangi, na bado wakaweka alama pale katikati kwa mwenye macho.

Madison hakuficha. Alibaki Ohio, seremala na mkulima, akihesabiwa na watu weusi. Mwaka 1870 karani wa sensa alipofika nyumbani kwake katika wilaya ya Ross, alijaza safu zake kama alivyoagizwa. Kuhusu wazazi, fomu ya mwaka huo iliuliza tu kama walizaliwa nchi ya kigeni. Haikuuliza majina yao. Lakini karani yule aliongeza maneno yake mwenyewe kando ya jina la Madison, kwamba mtu huyu ni mwana wa Thomas Jefferson. Hakuna aliyemtuma. Huenda alisikia kwa Madison, huenda kwa majirani, huenda kwa wote.

Miaka mitatu baadaye, mwezi Machi 1873, Madison alisimulia maisha yake kwa mhariri wa gazeti la wilaya jirani. Alisema mama yake alipelekwa Paris mwaka 1787 kumsindikiza binti mdogo wa Jefferson, kwamba huko angeweza kudai uhuru wake kwa sheria ya Ufaransa, na kwamba alikubali kurudi Virginia baada ya kuahidiwa kuwa watoto wake wataachiwa huru wakifikisha miaka 21. Ukilinganisha maneno hayo na daftari na wosia, yanalingana: watoto wote wanne walitoka utumwani, karibu na umri huo. Hakuna familia nyingine ya watumwa pale Monticello ambayo watoto wake wote walipata hivyo. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja wanahistoria wengi walimwona Madison kuwa mzee mwenye kujikweza, wakakubali maneno ya wajukuu halali wa Jefferson, waliosema baba wa watoto wale ni mmoja wa wapwa wa Jefferson. Wajukuu hao hawakukubaliana hata ni mpwa yupi. Mmoja alimtaja Peter Carr, mwingine Samuel Carr. Kama mwalimu nasema kwamba mashahidi wawili wakipingana namna hiyo huwezi kuwapa alama za juu kuliko shahidi ambaye maneno yake yanalingana na daftari. Lakini walikuwa na jina zuri, na Madison hakuwa nalo.

Mwaka 1998 wanasayansi walipima vinasaba. Walichukua damu ya wanaume waliotokana kwa upande wa baba na baba mdogo au mkubwa wa Jefferson, na ya mwanamume wa uzao wa Eston, wakaona kromosomu Y zao zinalingana. Za upande wa Carr hazikulingana. Kipimo hicho peke yake hakiwezi kusema ni Jefferson yupi katika ukoo wake, lakini mwaka 2000 taasisi inayotunza Monticello, baada ya kupima pia hati na tarehe, ikatamka kwamba yaelekea sana Thomas Jefferson ndiye baba wa Eston, na huenda wa watoto wote wa Sally. Wapo wanaobisha hata leo. Mimi sibishi. Mzee Madison alifariki mwaka 1877 akiwa ameshasema.

Sasa nirudi kwenye rejesta, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijijini. Siku ya kuandikisha darasa la kwanza alikuja mama mmoja na mtoto wa kiume. Nikamwuliza jina la baba. Akanyamaza, akaangalia chini. Nyuma yake palikuwa na foleni ndefu, na wengine walikuwa wameanza kunong'ona. Mimi nilimjua baba, kila mtu alimjua. Alikuwa mwenye duka la barabarani, ana mke na watoto, na mara mbili tatu nilimwona akimpa mtoto yule kalamu na madaftari. Nikaandika jina la mjomba wa mtoto. Kwa Mluguru hilo si uongo, mjomba ni mlezi hasa, na nilijiona nimemsitiri mama wa watu. Mtoto akasoma kwa jina lile mpaka akamaliza darasa la saba.

Mwaka 2012 alibisha hodi nyumbani kwangu, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mwenye duka alikuwa amefariki bila wosia. Kijana yule alikuwa ameomba atambuliwe katika mirathi, na wale wa ndoa walipeleka mahakamani cheti chake cha kumaliza shule, chenye jina la ukoo wa mjomba. Nilikubali kutoa ushahidi. Nikaeleza mbele ya hakimu kwamba jina lile niliandika mimi, na kwa nini. Wakaniuliza kama mama alinitajia baba wa mtoto. Nikasema hakunitajia. Wakaniuliza kama marehemu alipata kuniambia kuwa mtoto ni wake. Nikasema hakuniambia. Wakanishukuru, nikaketi. Yule kijana hakupata kitu.

Jioni ile tulipokuwa tunangoja basi aliniuliza, "Lakini Mwalimu, wewe ulijua?"

Nikamjibu kwamba nilijua.

"Mbona hukuandika?"

Nilitaka kumwambia kwamba rejesta haikuwa na safu ya mambo kama hayo. Nikamkumbuka yule karani wa Ohio, nikanyamaza. Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa, ambaye ni mwanafunzi wangu wa zamani, alitufungulia kabati na kuitoa rejesta ya mwaka 1984. Tukaupata mstari. Namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mjomba, kazi: mkulima. Mwandiko ni wangu, unasomeka vizuri. Safu ya maelezo ilikuwa tupu. Aliniuliza kama naweza kujaza sasa, nami nikamweleza kwamba kitabu cha serikali hakiongezwi neno baada ya miaka ishirini na minane. Akakubali. Akaupiga picha ukurasa ule kwa simu yake, tukamshukuru mwalimu, tukatoka.